Matawi ya Tata

Juu ya Embu, penye majani chai

Dada Makena,

Kabla hata ya salamu, nisamehe, nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, unanijua. Jumamosi ile ya mashindano ya mteremko sikuogopa. Wenzangu wote wa mchezo huo wanasema Kendi aliogopa akasimama, na mimi mwenyewe nimesema hivyo kwa mdomo wangu. Si kweli. Nilikuwa mbele ya wote, nikasimama kwa sababu niliona matawi barabarani na nikajua ni nani aliyeyaweka.

Sasa nikusalimu. Hujambo, dada? Mama mguu wake umepona, au bado anaufunga kitambaa na kusema ni baridi tu? Baba je? Mvua imefika Ruiri, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Huku kwetu inanyesha mpaka nguo hazikauki. Tunazianika juu ya jiko na zinanuka moshi, hata kanisani nanuka moshi. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Naandika barua kwa sababu simu ya nyumbani ni moja na ikilia kila mtu anasogea kusikiliza. Dereva wa lori la waru, hivi viazi vya huku, ameniahidi ataiweka mkononi mwako, si mkononi mwa Mama.

Najua hujui hata nazungumzia mashindano gani. Nitaanza mahali ambapo utaelewa.

Unakumbuka mkokoteni wa maji, ule wa magurudumu ya mbao? Unakumbuka tulivyokuwa tukiupandisha ukiwa mtupu mpaka juu kwa jirani, halafu tunaukalia na kushuka, wewe mbele na mimi nyuma nimeshika fulana yako? Kile kidonda cha goti lako kilitoka hapo. Nilikuwa sisemi neno siku nzima, lakini tukishuka nilikuwa nacheka, ukaniambia hiyo ndiyo siku pekee unajua nina meno.

Basi huku kuna vijana wanafanya hivyo wakiwa wamesimama. Ni ubao mrefu unaofika kiunoni ukiusimamisha, una magurudumu manne laini, madogo kama limau. Hauna usukani wala breki. Ukitaka kukata kona unalalia upande, ukitaka kupunguza mwendo unashusha mguu mmoja soli iburute kwenye lami. Wengine wanainama, wanashika lami kwa glavu zenye kipande cha plastiki kigumu kiganjani na kuzungusha ubao mpaka usimame. Cha kwangu kilikatwa kwenye kile kibao cha kukatia sukuma wiki ambacho shangazi yetu, Tata, alitupa kilipopasuka.

Barabara yenyewe inaanza juu kwenye kituo cha kununulia majani chai, inashuka kati ya mashamba, inapinda, inapinda tena kwenye mikaratusi, kisha inapita mbele ya hoteli ya Tata. Kwa hiyo chai yao wanakunywa kwetu. Mwanzoni kazi yangu ilikuwa kuwapelekea chupa ya chai kule juu. Kiongozi wao anaitwa Njeru. Ni fundi wa kuchomelea, ana mikono yenye alama za cheche, na anaongea na kila mtu kama aliyezaliwa naye. Siku moja aliniona nimesimama na chupa tupu nawatazama, akauliza kama nataka kujaribu. Nikakumbatia chupa yangu. Akaweka ubao chini mbele yangu akaenda zake. Nadhani angenibembeleza ningekimbia.

Nilishuka kipande kidogo, pale pasipo na mteremko sana. Dada, ilikuwa kama mkokoteni.

Tangu hapo kila nikipeleka chai nimekuwa nikishuka. Tata hajui. Anajua tu kwamba kiatu changu cha kulia kinaisha kabla ya cha kushoto, na amewahi kuniuliza mbele ya wateja kama mimi hutembea kwa mguu mmoja. Njeru alinipigilia soli ya tairi kama ya akala, basi sasa kinadumu. Wale vijana hawamwambii Tata. Wananiita Mmeru. "Mmeru gani huyu hapigi kelele?" wanasema. "Wenzake wakikanyagwa kidole, Embu nzima inasikia." Mimi nacheka tu, natazama chini.

Usifikiri nacheza siku nzima. Naamka giza halijaondoka, nawasha jiko, nakanda unga wa mandazi, naenda kuchukua maziwa, nachota maji, namenya waru mpaka kidole gumba kimekuwa na ngozi ya kiatu. Wachumaji chai wanaingia na baridi yao, wanataka chai sasa hivi. Tata hanionei, yeye anafanya zaidi yangu. Lakini ikifika jioni nakaa kwenye gunia la makaa na sina hamu hata ya kula. Ule ubao ndio kitu cha pekee kwa siku nzima ambacho hakinichoshi. Au hakikuwa kinanichosha.

Lazima nikueleze jambo moja kuhusu Tata ambalo nyumbani halisemwi sana. Mnajua mume wake alifariki barabarani. Mimi nilijua hivyo tu. Yeye ndiye aliyenieleza, tukichambua maharagwe. Kulikuwa na ukungu, lori lilikuwa limekwama kwenye kona, na dereva wake hakukata hata tawi moja akaliweka nyuma kuwaonya watu. Hakuweka hata jani. Mume wa Tata alikuja na pikipiki yake akaliingia.

Tangu siku hiyo gari lolote likikwama karibu na hoteli, liwe la nani, Tata anaacha alichoshika. Anachukua panga, anakata matawi ya mkaratusi, anaenda kuyapanga barabarani, mengine karibu na mengine mbali, kama mtu anayepanga viti vya wageni. Madereva wengine huondoka na kuyaacha pale. Yeye hayaachi. Gari likishaondoka anarudi kuyaokota moja moja. Nimemwona akifanya hivyo kwenye mvua, leso kichwani. Nilipomwambia siku moja nitaenda mimi, alisema, "Hii niachie."

Sasa Jumamosi yenyewe. Chifu alikuwa amekubali barabara ifungwe asubuhi mpaka mchana, na karani wa kituo alikuwa amesema lori la majani halitakuja. Watu walikuja kama harusi. Kina mama walichoma mahindi kando ya njia, watoto wakapewa zamu yao ya kushuka na vigari vyao vya mbao, na watu wa bodaboda walikuwa wanatupandisha juu, mbao zimekaa mapajani. Walikuja wageni pia kutoka Nairobi wenye helmeti zinazong'aa. Kwenye kona ya kwanza alisimama mtu mwenye bendera mbili, nyekundu na ya kijani.

Njeru alikuwa ametuambia mapema. Mwezi ujao kuna mkutano mwingine kama huu kule Nkubu, na msichana mmoja wa kikundi chetu ataenda kushuka kwa niaba yetu. Wengine wanaenda kusaidia. Alikuwa ananitazama aliposema. Nkubu, dada! Mahali ambapo ungeweza kuja kuniona. Nilikuwa nimeshapanga kichwani mwangu nitakavyokuandikia uje bila kukuambia kwa nini, halafu uone mtu anashuka na usijue ni nani mpaka nivue helmeti.

Tulishuka wanne zamu yangu. Nilivaa koti la dada yake Njeru na helmeti imefunika uso, kwa hiyo hata Tata angetazama asingenijua. Kwenye kona ya kwanza nilikuwa wa pili. Kati ya kona mbili nilijikunja chini, mikono nyuma, upepo ukawa unalia kwenye helmeti, na nikampita aliyekuwa mbele. Nyuma yangu alibaki mgeni mmoja kutoka Nairobi, wanamwita Brayo, alikuwa karibu sana, nasikia magurudumu yake. Nikaingia kona ya mikaratusi. Nikaona matawi.

Baadaye ndiyo nilijua ilivyokuwa. Kabla ya zamu yetu, pikapu ya kabichi ilitoka kwenye njia ya shamba, katikati ya walinzi waliofunga barabara juu na chini, ikazimika mbele ya hoteli. Tata akafanya anachofanya. Wanaume wakaisukuma mpaka uani kwetu. Tata alikuwa anarudi kuyaokota matawi yake alipokumbuka maziwa yako motoni. Akaingia ndani kuyaepua. Ni hapo tu, dada. Ni muda wa kuepua sufuria.

Gari hukanyaga tawi na kuendelea. Pikipiki pia. Lakini gurudumu la limau likikutana na kijiti cha unene wa kidole, linasimama, na aliye juu yake hasimami nalo. Sisi tunalijua hilo. Tata hajui.

Mwingine angeona takataka tu, kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa. Mimi niliona yale mengine karibu na mengine mbali, nikajua gari limekwama mbele. Nilishusha mguu, nikaburuta kwa nguvu zangu zote, nikaenda ukingoni kwenye nyasi. Niliinua mkono juu. Kwetu mkono juu ni hatari mbele. Nilifungua mdomo pia. Brayo hakutazama mkono wangu, alitazama nafasi niliyomwachia, akapita.

Sitaki kuandika alivyoanguka. Mkono ulivunjika. Wale wawili wa nyuma walimwona akiruka, wakajitupa kwenye nyasi, hawakuumia.

Watu walipojaa, Tata alitoka na mikono ina unga. Alimwona kijana chini, akasema maskini, hawa watoto na mbao zao, akakimbia kuleta maji na leso ya kufungia mkono. Halafu, kwa vile ni mazoea yake, akaokota matawi yake akayatupa kwenye ua. Hakuna aliyemtazama. Mimi nilimtazama.

Njeru alikuta kijiti kimebana kwenye gurudumu la Brayo. Alikichomoa akakiweka mfukoni. Jioni alitukusanya kule juu kituoni, akasema kama kuna watu hapa wanatuwekea vijiti, basi watu wa hapa hawatutaki, na yeye hataki mtoto wa mtu afe. Atamjua aliyefanya hivyo au mchezo utaisha. Kisha akanigeukia, kwa upole.

"Kendi, wewe ulikuwa mbele. Uliona nini?"

Nilifikiri juu ya Tata na leso yake kichwani kwenye mvua. Nilifikiri, nikisema, kesho watakuja hotelini, hata wakija kwa adabu. Watamwambia matawi yako ndiyo yaliyovunja mkono wa mtoto wa watu. Na yeye anayaweka ili mtoto wa mtu asivunjike. Atabaki na nini?

"Sikuona kitu," nikasema. "Niliogopa nikasimama."

Mmoja akacheka. Njeru hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka. Alisema si vibaya kuogopa, lakini mtu anayesimama akiwa mbele hawezi kupelekwa Nkubu, kwa usalama wake. Nitaenda, ila nitashika bendera. Nikasema sawa.

Ndiyo maana nimechoka, dada. Si waru wala maji. Nimechoka kubeba mambo mawili yanayotafutana ndani ya nyumba moja. Asubuhi Tata ananiambia, tukikanda unga, "Siku ile ya pikapu, kama nisingeweka matawi, nani ajuaye kingetokea nini." Anasema kwa furaha kidogo, ile furaha yake ndogo. Nasema ndiyo, Tata. Mchana wale vijana wanakuja kunywa chai, na kwa kuwa hawawezi kutaja mbao mbele yake, wananiuliza, "Mmeru, breki ziko sawa?" Nasema ziko sawa. Halafu wanaanza tena kunong'ona juu ya aliyeweka vijiti. Mara ni wazee wa kanisa, mara ni watu wa bodaboda ambao juzi walitupandisha bure.

Wiki iliyofuata Brayo alirudi kuchukua ubao wake, mkono umefungwa plasta mpaka kiwikoni. Alikaa mezani na Njeru. Tata alimhurumia mpaka nikaona aibu, akamkatia chapati vipande vidogo kama mtoto, akamwita mwanangu. Brayo naye ni mtu mwema, alikuwa anasema asante mama, asante mama. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni naosha vikombe.

Njeru alitoa kile kijiti mfukoni akakiweka mezani. Kilikuwa kimekauka.

"Nitampata tu," alimwambia Brayo. "Mtu haweki vijiti barabarani bila mtu mwingine kumwona."

Tata alikuwa anamimina chai. "Vijiti gani?"

"Vya siku ile, mama. Siku huyu alipoanguka. Kuna mtu aliviweka hapo kwenye kona."

Tata aliweka birika chini. Niliona uso wake unaanza kufikiri. "Lakini siku ile," akasema, "hapo kwenye kona mimi ndiye..."

"Tata, maziwa!"

Dada, sijawahi kupiga kelele hivyo tangu nizaliwe. Kuku walitoka chini ya meza. Mchumaji mmoja wa chai alimwaga kikombe chake. Ile sauti niliyoitafuta kule kwenye kona nikaikosa, ilikuwa imekaa tu inangoja. Tata alikimbia jikoni na kitambaa mkononi. Njeru akageuka pia, na kutoka pale alipokaa jiko linaonekana lote. Hapakuwa na maziwa motoni. Maziwa yalikuwa bado kwenye mkebe, karibu na mguu wangu, na kifuniko chake.

Njeru alitazama mkebe. Alinitazama mimi. Kisha akatazama dirishani, kule kwenye ua, ambako matawi ya mkaratusi ya siku nyingi yamelundikana yakiwa yamekauka. Akakichukua kile kijiti mezani akakirudisha mfukoni.

"Mbona maziwa hayako motoni?" Tata akauliza.

"Nilifikiri yako," nikasema.

Alinishika paji la uso kwa mkono wenye unga. "Umechoka, mtoto wangu. Leo utalala mapema." Kisha akarudi mezani akacheka kidogo. "Huyu ananitia wazimu. Nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unasema utaniongezea chai, mama," Njeru akasema, na akanyoosha kikombe chake, ambacho kilikuwa kimejaa.

Brayo alipoenda kufunga mzigo wake, Njeru alikuja mlangoni mwa jikoni akajifanya anarudisha vikombe.

"Kumbe una sauti," akasema.

Nikaendelea kuosha vikombe.

"Bado unasema uliogopa?"

"Niliogopa."

Akachukua kikombe kimoja kichafu. Akasema akinirudisha kwenye ubao watamuuliza amegundua nini, na hawatamwachilia mpaka aseme. Nikamwambia najua. Akasema basi ni bendera. Nikasema bendera ni sawa. Aliosha vikombe viwili mwenyewe, vibaya, akaondoka. Siku ile ile aliwatangazia wenzake kwamba lile jambo limekwisha, barabara ina miti na miti huangusha vijiti, na kuanzia sasa kabla ya kila zamu mtu atashuka na fagio. Mchezo haujaisha. Mwenye fagio ni mimi.

Juzi lori la mbao lilikwama tena mbele yetu, na ukungu ulikuwa mzito. Tata alitoka na panga. Njeru alikuwa anakula. Aliacha sahani yake akaenda akamsaidia kuyapanga, na lori lilipoondoka akarudi kumsaidia kuyaokota, mpaka vipande vidogo, mpaka maganda. Tata aliniambia baadaye kijana yule amelelewa vizuri.

Basi, dada, ndiyo hayo. Sijui kama nimefanya vizuri. Kuna siku naona nimefanya vizuri, na kuna siku nawaona wenzangu wakishuka na mimi nafagia mbele yao, na natamani kutupa fagio nichukue ubao.

Njoo Nkubu. Dereva atakuambia ni siku gani, naye nimemwambia ni mambo ya kikundi cha vijana tu. Usitafute kwenye walioshika mbao. Panda mpaka kwenye kona kali, utaona mtu amesimama na bendera mbili. Simama na mimi hapo. Sitakuwa na mengi ya kusema, lakini tutawatazama wakishuka, na wewe utajua.

Msalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Msalimie Baba, na nyanya yetu anayekaa karibu na moto, mwambie leso yake bado naivaa. Mbusu mtoto wako shavu lile lenye kishimo. Mwalimu wangu wa darasa la nane, ukikutana naye sokoni, mwambie Kendi sasa anaweza kupiga kelele, atacheka.

Na hili la mwisho, Makena, ndilo nakuomba kuliko yote. Tata anakuja Ruiri Krismasi. Atakaa na nyinyi jikoni, na lazima atasimulia juu ya pikapu ya kabichi na matawi yake, kwa sababu anapenda kuisimulia. Atakuambia aliwasaidia watoto wa watu. Mwache amalize. Mwambie alifanya vyema. Barua hii iwe imeshaingia motoni kabla hajafika, na asijue kamwe, wala kwangu wala kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Kendi